Kuku Waliolala kwa Jirani

Dinah alikuwa amechoshwa na wageni, ila hilo si jambo la kutamkwa na mke wa mtu pale Malava. Mgeni akibisha hodi, kuku anakamatwa. Mwenye nyumba anakula firigisi, mgeni anakula paja, na aliyemfuga kuku mwenyewe anaosha sufuria.

Mumewe, Lusweti, alikuwa mkata miwa. Malipo yalikuja yalipojisikia kuja, na Dinah aliyagawa siku ileile: ya unga, ya sabuni, ya madaftari ya Mitchel, binti yao. Kilichobaki kilikuwa kidogo cha kuaibisha, lakini alikibana hivyohivyo mpaka kikanunua kifaranga. Kuku ndio walikuwa akiba yake ya siku mbaya, na hakuna aliyeruhusiwa kuwagusa kwa jambo dogo. Mwaka jana walifika kumi na mmoja. Kila jioni aliwahesabu wakiingia bandani, roho ikamtulia.

Kisha wakaanza kuliwa. Shemeji yake Sifuna alifika kutoka Lugari kusalimia tu, akasalimia kuku wawili. Wakaja watu wa maombi. Akaja shangazi wa Lusweti, akakaa wiki nzima na meno yake yote. Kufikia Krismasi hakukuwa na wa kuwika wala wa kutaga. Januari Mitchel akashikwa na nimonia. Dinah aliwapigia simu walewale waliokula, mmoja baada ya mwingine, na wote walimhurumia kwa maneno matamu. Sifuna alimwambia Mungu atafungua njia. Njia ilifunguliwa na gunia la mwisho la mahindi, lililouzwa kwa bei ya kutupa. Mtoto akapona, nyumba ikashindia viazi vitamu hadi mvua za masika, na Dinah hakusahau.

Alipoanza kufuga upya, alimwendea jirani yake Jepkoech, mke wa mwalimu, aliyeolewa pale kutoka Nandi. Wageni wa Jepkoech wakishapewa maziwa walikuwa wametosheka. Hakuna aliyewatazama kuku wake kwa jicho la njaa.

"Mama Chelimo," alisema Dinah, akimwita kwa jina la mwanawe, "naweza leta kuku zangu zilale kwako?"

"Kwani kwako kuna nini?"

"Kuna wageni. Wanakujanga kila wiki."

Jepkoech alicheka mpaka akashika nguzo ya ua. "Zilete. Mayai yangu, kuku zako."

Dinah akachana leso nyekundu kuukuu, ile aliyotunzwa na mama yake siku alipoolewa, akamfunga kila kuku kipande mguuni wasije wakachanganyika na wa mwenyeji. Lusweti alipoambiwa hakupendezwa.

"Watu watasema tuna mkono wa birika," alinung'unika.

"Waseme."

Na walisema. Sifuna alikula mboga mara moja, hakurudi tena, na Dinah hakumlilia. Ila hakuwa amefikiria kwamba Agosti angekuja mama yake mzazi, Navalayo, kutoka Butere, bila taarifa, na mkungu wa ndizi kichwani.

Dinah alimpokea mzigo. Huyu hakuwa Sifuna. Angeweza kuruka ua akamkamata mmoja, mmoja tu, na nani angemlaumu? Lakini alijua mwenyewe jinsi kuku kumi na mmoja walivyokwisha: mmoja tu, mmoja tu. Akapiga moyo konde.

"Mama, kuku hawapo. Ugonjwa uliwamaliza."

"Pole, mwanangu. Kwani nimefuata kuku?"

Akamwandalia obusuma, ugali wa kwao, na mboga ya mrenda. Navalayo alikula polepole, uso ukielekea kwa Jepkoech, ambako kuku saba wenye vitambaa vyekundu miguuni walikuwa wakichakura majani. Alitazama muda mrefu. Dinah alitamani ardhi immeze.

"Kuku za jirani zimenona," alisema mama.

"Ndiyo, Mama."

Hakuuliza zaidi. Kesho yake aliondoka akiwa na kilo mbili za maharagwe, na Dinah aliona haya siku nyingi. Mama aliyemzaa, kumlisha majani na uongo.

Septemba ikaingia. Siku moja, kabla ya saa sita mchana, Lusweti aliletwa kutoka shambani amebebwa mgongoni, shati limefungwa mguuni, limelowa damu. Panga lilikuwa limeteleza. Hospitalini waliambiwa kano la kisigino limekatika, lisiposhonwa upesi atachechemea maisha yake yote, na mkata miwa anayechechemea ana kazi gani? Dinah hakumpigia mtu yeyote simu ila Jepkoech. Kuku watano walifungwa miguu wakauzwa kwa mchuuzi kandokando ya barabara, na pesa zikatumwa kabla daktari hajamaliza kunywa chai. Kano likashonwa.

Wiki moja baadaye, Lusweti amelala kwenye kochi na mguu juu ya mto, Navalayo alipiga simu. Dinah alikuwa amechoka hata nguvu za kudanganya hakuwa nazo.

"Mama, nilikukosea. Wale kuku walikuwa wangu."

"Nilijua. Kwani leso yangu siijui?"

Dinah akaanza kuomba msamaha, mama akamkatiza.

"Wewe unakumbuka ulipomaliza darasa la nane?" mama aliuliza.

Atasahauje? Alikuwa amepita vizuri, akaitwa sekondari, kisha akaambiwa karo imekosekana. Hakuwahi kuuliza imekosekanaje. Nyumba yao ilizoea kukosa.

"Nilikuwa na kuku ishirini, na kondoo mmoja. Nilikuwa nimekufugia wewe. Matokeo yakatoka, watu wakaanza kuja kutupongeza. Leo hawa, kesho wale. Baba yako alikuwa na furaha, anasema chinja, nami nachinja. Siku ya kwenda shule ilipofika, walikuwa wamekupongeza mpaka kuku na kondoo wameisha."

Dinah aliketi chini kwenye sakafu, akalia bila sauti, simu ingali sikioni. Alilia kwa ajili ya yule msichana wa miaka kumi na minne, na kwa ajili ya mwanamke aliyemchinjia karo yake kuku kwa kuku huku akitabasamu kwa wageni.

"Wamebaki wangapi?" mama aliuliza.

"Wawili."

"Waache hukohuko kwa jirani. Mimi nikija Krismasi, nipikie mrenda tena. Ule niliula vizuri sana."