Kitalu cha Kisimani

Siku ya tisa tangu Yoselin augue taifodi, baba yake alikatazwa kumshika.

"Viatu viache huko huko nje, Crispín," Nélida alimwambia mumewe akiwa amesimama mlangoni. "Na mtoto usimguse. Unashinda kwenye vinyesi vya mji mzima, halafu unaniuliza ugonjwa kautoa wapi?"

Crispín akavua viatu. Watoto kumi na wawili walikuwa wameugua, na kila aliyekutana naye kwenye kilabu cha chicha, pombe ya mahindi, alimtazama mikono kwanza, uso baadaye. Yeye ndiye mwangalizi wa mabwawa ya kusafishia majitaka, basi yeye ndiye mchawi. Ilimuuma sana, kwa sababu maji aliyoyaachia mtoni alikuwa ameyapima mwenyewe mara tatu, na yalikuwa safi.

Kilichomtia shaka ni maji yaliyokuwa yakiingia. Kila asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa tatu, yalipungua kwa nusu kwenye bwawa la kwanza. Mji mzima hauwezi kuacha kwenda chooni kwa saa mbili, tena saa zile zile watu wanapoamka. Kuna mtu alikuwa akiyaiba. Alimshuku mchinja nguruwe, akamshuku meya, akafika hata kumshuku padri, ambaye bustani yake ilikuwa imestawi kupita kiasi kwa mwaka wa ukame.

Ijumaa asubuhi akaamua kulifuata bomba kwa miguu, akipanda kuelekea mjini na kufungua chemba moja baada ya nyingine. Tatu za mwanzo zilikuwa na maji kiduchu. Ya nne ilikuwa imefurika. Bomba lilikuwa limezibwa kwa gunia la mchanga, na mpira mnene wa maji ulitoka humo ukateremka hadi kwenye shamba la letusi. Katikati ya shamba alisimama Eulogia na jembe lake. Ndiye aliyemsimamia Yoselin ubatizoni, na tangu hapo yeye na Crispín waliitana komadre na kompadre.

"Kompadre," alisema, "binti yangu wa ubatizo anaendeleaje?"

"Komadre, haya maji unajua yanatoka wapi?"

"Nisijue vipi, na yananuka hivi?" Akacheka. "Mto umekauka. Na hayo unayoyasafisha wewe yamekonda, hayaoteshi hata magugu. Haya yana mbolea yake humo humo. Mji mzima unanichangia."

"Na letusi unayotuletea kila Jumapili?"

Kicheko kikakatika. "Unanionaje, kompadre? Mimi nimlishe binti yangu kinyesi?" Akamshika mkono, akamvuta hadi nyuma ya nyumba. Kando ya kisima kulikuwa na kitalu kidogo, miche kama kumi na minne, na ndoo. "Zenu nazimwagilia hapa, kwa maji ya kisima, mgongo ukiniuma."

Crispín akashusha pumzi. Aliona haya, akataka hata kumwomba radhi. Kisha akageuka kulitazama lile shamba kubwa, na shaka ikamrudia upya. Mtu hatengi vitalu viwili kama hajui tofauti yake.

"Na zile kule?"

"Zile za kuuza."

"Unamuuzia nani?"

"Jiko la shule," Eulogia alijibu haraka, kwa fahari ya mtu aliyepata mteja mzuri. "Wanachukua zote, za chakula cha mchana cha wa..."

Hakumaliza. Mkono ulipanda mdomoni wenyewe. Yoselin alikuwa darasa la nne pale shuleni, na alikula huko kila siku ya masomo.

Crispín alisikia hasira ikimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine alichokionea aibu, nacho kilikuwa nafuu: ugonjwa haukutoka mikononi mwake.

"Kompadre," Eulogia alisema kwa sauti ya chini, "gunia nitalitoa sasa hivi. Lakini Nélida asijue. Nakuomba."

"Jifunge kitambaa kichwani, twende," Crispín alisema. "Utamwambia wewe mwenyewe, mimi nikiwepo. Leo nataka kumshika mwanangu."