Kutumikia

Bibi Funguo, mlezi mkuu wa kituo cha watoto, alinisikiliza huku rundo la funguo likilia kiunoni mwake. Mwanangu alikuwa ananyonya chini ya mtandio. Nilijikaza nisilie.

Kituo chake kilikuwa cha mwisho. Viwili vilishanifungia mlango kwa upole wa ajabu, sikujua kwa nini. Na mkuu wa chuo alishaniambia: nisipopata pa kuwapeleka wanafunzi wangu kufikia saa sita mchana leo, somo langu la malezi linafutwa. Mimi mwalimu wa mkataba, niliyesoma masomo ya jioni tumbo la mimba likigonga meza, nafutwa nalo.

"Wako wangapi?"

"Kumi na wawili, mama. Kila mmoja atatumikia jamii muhula mzima."

"Muhula mzima! Kwani wamefanya kosa gani?"

"Kosa?"

"Usinifiche, mwanangu. Kijana wa jirani aliiba betri, hakimu akampa adhabu ya kutumikia jamii. Mpaka leo anafagia soko. Sasa wewe waniletea kumi na wawili, niwakabidhi watoto wachanga?"

Kumbe kote nilikopita nilikuwa nawabembeleza watu wapokee wahalifu! Nilicheka, kicheko kikageuka kilio, mtoto naye akadakia.

"Hawajaiba kitu, mama. Wanasomea kulea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwogesha mtoto. Nimewatungia somo ili wajifunzie hapa, mkono wako ukiwa karibu. Ukinikataa na wewe, sina pengine pa kwenda."

Alimchukua mwanangu, akamweka begani, akampigapiga mgongo. Mtoto akamcheulia maziwa kwenye gauni, kisha akatulia.

"Si ungesema wanakuja kusaidia? Kutumikia, kutumikia! Utawatia watu kiwewe bure."

Saa sita ilikuwa inakaribia. Nilimpigia mkuu. Kabla sijatamka neno, Bibi Funguo alininyang'anya simu.

"Mkuu, hao wafungwa wako niletee Jumatatu."

Nilisikia upande wa pili, "Wafungwa gani tena?"

"Namtania binti yako huyu, amenililia mpaka amelowa. Walete. Ila wakate kucha."

Alisikiliza, akaguna, akanirudishia simu.

"Anasema somo linabaki. Lakini lile neno lako ulifute leo leo."

Nilimshukuru. Nikachukua kitambaa, nikaanza kumfuta maziwa begani.