Saa Kumi na Mbili ya Kwenye Barua

Neno "usijali" ndilo lililomtia wasiwasi fundi cherehani. Afisa utumishi alikuwa amelisema mara tatu kabla hata fundi hajakaa, na kwenye kile kiwanda cha sare walishamzoea: akilisema mara tatu, kuna kitu. Ndiyo maana walimwita Bwana Usijali.

"Barua yako hii, mama. Siku ya mwisho tarehe thelathini. Na bima nimeiandikia mstari wake hapo chini, kama ulivyoomba."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma polepole, kidole kikifuata maneno kama kinavyofuata mshono. Alikuwa anaacha kazi kwa hiari yake. Miaka kumi na tisa ya kuinamia cherehani ilikuwa imemmaliza mgongo. Lakini kadi ya bima ilikuwa ya kazini, na mume wake alitibiwa kwa kadi hiyo. Tarehe thelathini hiyohiyo, saa nne asubuhi, mzee alikuwa afanyiwe upasuaji wa kuondoa mtoto wa jicho. Jicho lake la pili lilikwisha kufa zamani. Walikuwa wamesubiri zamu yao miezi mitano.

Mstari wenyewe ulisema: "Bima ya mfanyakazi na mwenza wake itakoma tarehe 30, saa 12:00."

"Saa kumi na mbili ipi?" aliuliza.

"Jioni, mama. Si ndiyo siku inaisha?"

"Mbona hukuandika jioni?"

"Nimenakili kama wenyewe wa bima walivyoniletea."

Aliyasema hayo huku akipanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Mtu asiye na jambo hapangi kalamu mara mbili, fundi alijisemea moyoni. Na saa kumi na mbili ya asubuhi je? Kama ni hiyo, mzee atalazwa kwenye kitanda cha upasuaji bima ikiwa imekufa tangu alfajiri.

Nyumbani mume wake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Wewe mama watoto ungemshuku hata daktari aliyekuzalisha."

"Huyo nilimshuku kweli. Alikuwa anapiga miayo."

"Kijana wa watu hana ubaya."

"Sijasema ana ubaya. Nimesema anapanga kalamu."

Kesho yake aliomba ruhusa ya nusu siku. Jirani yake wa cherehani alizivuta kola zilizobaki mezani kwake, akaziweka juu ya zake bila kuombwa. Kwenye ofisi ya bima foleni ilifika mlangoni, na mlinzi, alipomwona anashika kiuno, alimsogezea kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama. Fundi alimshukuru, ila barua hakuiachia mkononi.

Dada wa dirishani aliisoma, akatabasamu. "Kumi na mbili hii si ya kwetu mimi na wewe, mama. Ni ya kompyuta. Sisi tungesema saa sita."

"Ya mchana au ya usiku?"

"Ya usiku."

Fundi alishusha pumzi, halafu akaipandisha tena. "Usiku upi, mwanangu? Tarehe thelathini ina usiku wa kuingilia na usiku wa kutokea."

Dada aliisoma tena barua. Alimwita mwenzake. Wakainamia kompyuta wote wawili, wakinong'ona kwa muda mrefu kuliko fundi alivyopenda.

"Usiku wa kuamkia thelathini," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Kukicha, kadi inakataa. Siku ya kuondoka tunahesabu mtu ameshaondoka. Pole, mama. Barua nyingi zimetoka hivi, na hakuna aliyewahi kutuuliza."

Fundi alirudi kiwandani moja kwa moja, akamkuta Bwana Usijali anafunga ofisi.

"Ulijua," alimwambia.

"Wallahi sikujua, mama. Nilidhani jioni."

Fundi alimtazama usoni, akitafuta uongo. Kijana alifungua tena mlango, akawapigia simu watu wa bima yeye mwenyewe. Wakamthibitishia vilevile. Alipokata simu alitoa daftari la likizo, akapitisha rula mpaka kwenye mstari wa fundi.

"Una siku mbili hujazichukua. Mtu akiondoka huwa zinapotea hivihivi. Nikiziweka mwishoni, siku yako ya kuondoka inakuwa tarehe pili."

"Jana mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mama."

"Na wewe hukujali."

Kijana akavuta karatasi mpya.

"Andika kwa maneno," alisema fundi. "Namba sizitaki tena."

Akaandika: bima itafanya kazi siku nzima ya tarehe thelathini, asubuhi, mchana na usiku wake, na siku nzima ya tarehe mosi. Akagonga muhuri. Fundi hakuondoka mpaka watu wa bima, waliotumiwa picha yake, walipoisoma barua hiyo kwenye simu, neno kwa neno, naye anasikia. Alipokuwa anatoka alimwona kijana akichomoa mafaili mengine mawili, ya mafundi wenzake waliokuwa wanaacha kazi mwezi huohuo, na kuzirarua barua zao ili aziandike upya. Hilo fundi aliliweka moyoni, upande wa mema ya kijana.

Tarehe thelathini, saa tatu na nusu, muuguzi wa mapokezi alipitisha kadi kwenye mashine. Mashine ilifikiri weee.

"Imekubali."

"Jaribu tena."

"Mama, ikishakubali imekubali."

"Nakuomba, mwanangu."

Muuguzi alimtazama, akamtazama na mzee aliyeshika mkono wa gauni la mkewe ili asipotee. Akaipitisha kadi mara ya pili, kisha akakigeuza kioo cha kompyuta ili fundi ajisomee mwenyewe. Alisoma jina la mume wake, akasoma tarehe, akarudia tarehe.

"Haya, twende, baba," alisema, akimshika kiwiko. "Kuna ngazi tatu mbele yako. Inua mguu."