Suti ya Mjomba Siku ya Kuomba Ada

Mjomba aliposhuka kwenye gari lisilo lake, amevaa suti ya bluu na viatu vinavyong'aa, nilijua ada yangu imekwenda na maji.

Kwenye korido ya ofisi ya misaada ya chuo tulikuwa tumebanana kwenye mabenchi, wanafunzi na wazazi, na kila mtu alikuwa amevaa shida zake. Baba mmoja alikuwa na shati lililochanika kola. Dada aliyekaa karibu yangu alikuwa na kandambili, na aliniambia bila haya kwamba viatu vyake amevificha kwenye mkoba. Watu wenye akili hufanya hivyo. Wangu mimi akaja ananukia manukato, funguo za gari la rafiki yake zikining'inia kidoleni.

"Samahani kwa kuchelewa, mpwa wangu," akasema kwa sauti ya kusikiwa na benchi zima. "Mambo ya kazi."

Kazi gani? Mjomba ni fundi wa friji. Mwenye jengo alishabadilisha kufuli la karakana yake, na siku hizi anazunguka na mfuko wa spana akisubiri simu ambayo hailii. Mtaani bado wanamwita Bosi, na yeye bado anaitika. Nampenda sana, ila kwa majivuno yake ananitoa roho.

Kosa lilianzia siku tuliyojaza maombi ya chuo. Palipoulizwa nani atalipa ada, mama alitaka tuandike ukweli kwamba hatujui. Mjomba akajipiga kifua mbele ya ndugu wote. "Andika jina langu. Mtoto wa dada yangu hataombaomba nikiwa hai." Nikaandika. Maombi yakatumwa, nikakubaliwa, na hapo ndipo Mjomba akaanza kutukwepa. Mama alipomfuata, alikiri nusunusu kwamba kwa sasa mambo yamebana. Nikaomba msaada wa ada, chuo kikanijibu kwamba aliyetajwa kuwa mlipaji aje mwenyewe aseme hawezi. Asipokuja leo, au akija asiseme, msaada anapewa mwingine, nami nibaki nyumbani.

Nilikuwa nimembembeleza wiki nzima. Alichotakiwa kusema hakijazi hata kiganja.

Tukaitwa. Ndani alikuwepo mama mmoja wa makamo, miwani puani, mafaili yamemzunguka pande zote. Alimtazama Mjomba kuanzia viatu mpaka tai, kisha akanitazama mimi. Nikatamani sakafu ipasuke.

"Wewe ndiye mjomba wake?"

"Ndiye mimi, mama."

"Kwenye maombi ulisema utamlipia. Sasa binti anaomba msaada. Hali ikoje?"

Mjomba akafungua kifungo cha koti, akakaa vizuri. "Hali, kwa kweli, tunashukuru. Mimi ni mtu wa biashara, na biashara ina kupanda na kushuka."

"Kwa sasa imepanda au imeshuka?"

"Imetulia kidogo."

Nikamkanyaga chini ya meza. Akausogeza mguu wake pembeni, asije akachafua kiatu.

"Baba, nataka jibu ninaloweza kuliandika," yule mama akasema. "Unaweza kumlipia, au huwezi?"

Mjomba akatazama dirishani. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo. Nilimwona akimeza mate, nikasema moyoni, sasa, sema sasa, tutoke hapa tukalie nje.

"Kuna hela naitegemea," akasema. "Nipewe muda kidogo tu."

"Kwa hiyo unaweza."

Mjomba akainyoosha tai yake. Yule mama akashusha pumzi, akachukua kalamu. Damu ikanichemka. Miaka yote ya kusoma, halafu niangushwe na tai.

"Hana," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Binti, mwache mkubwa aongee."

"Haongei, mama. Hana kitu. Gari si lake na karakana haipo. Watoto wake wanakula kwetu. Kila wakitoka shule wanapitia kwetu, mama yangu anawapakulia, ndipo wanakwenda kwao. Kwao hakuna chakula."

Nilijiandaa kupigwa kibao. Mjomba hakuinua mkono. Uso wake wa Bosi ukamwishia hapo hapo kwenye kiti.

"Wanangu?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Mama yao anajua?"

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Mama yangu alinionya zaidi ya mara moja kwamba jambo lile lisitoke ndani ya nyumba yetu. Mke wa Mjomba ndiye aliyewaleta watoto mara ya kwanza, akawafunga mdomo wasimwambie baba yao. Jioni humpakulia mumewe kile kidogo kilichopo na kumwambia watoto wameshakula. Ni kweli, huwa wameshakula. Mjomba hakuwahi kuuliza wamekula wapi.

Nikainama, nikavitazama viatu vyake vinavyong'aa.

Mjomba akamgeukia yule mama. "Andika, mama. Siwezi kumlipia. Sina kazi." Sauti yake ilikuwa ndogo, ila kila neno lilisikika. Akapewa pa kusaini, akasaini taratibu.

Yule mama alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu. Akaniambia faili langu linakwenda mbele na yeye ndiye atakayelisimamia. "Nenda kajiandae kwa chuo," akasema.

Tulipita tena kwenye korido. Ningepaswa kuruka kwa furaha. Lakini nilikuwa nimemvua nguo mtu aliyenibeba mgongoni, tena mbele ya mgeni. Nje, karibu na geti, nikamshika mkono wa koti.

"Mjomba, nisamehe."

"Chuo umepata?"

"Nadhani nimepata."

"Basi." Akasimama akitazama barabarani, ambako watoto wa shule walikuwa wameanza kutoka makundi kwa makundi.

"Mke wangu asijue kwamba najua," akasema. "Akijua, atawakataza kuja kwenu kwa kunionea haya. Waache wale."