Mbuzi wa Lori

Utumbo wa mbuzi ulitandazwa juu ya majani ya mti wa mswaki, bado unafuka mvuke. Baba yangu, Lomuria, mwaguzi wa boma letu, alichuchumaa mbele yake, akapitisha ukucha juu ya mshipa mweusi uliojipinda hadi ukingoni.

"Mto wa Nakwalele," alisema. "Maji yapo. Na majani."

Wanaume wakashusha pumzi. Kwa miaka minne mvua ilikuwa inakuja wiki isiyo yake, inasomba vibanda badala ya kuotesha nyasi. Nyota alizozifuata baba zilikuwa zinaahidi bure. Ndege wake hawakurudi. Utumbo peke yake ndio uliokuwa haujatudanganya.

Mimi nilisimama nyuma yao. Baba alikuwa ameniagiza beberu aliyehasiwa wa rangi ya majivu, aliyezaliwa zizini mwetu, akala miti yetu na kulamba chumvi yetu. Huyo alikuwa mmoja tu, Lopus, mbuzi niliyemvisha njuga na kumtungia nyimbo. Asubuhi ile nilimvua njuga, nikamficha korongoni, nikaleta mwingine wa rangi hiyo hiyo: mmoja wa wale tulioshushiwa na lori la msaada mwezi uliopita. Macho ya baba yalikuwa na ukungu. Nami nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nikajiambia kwamba utumbo ni utumbo, na kinyesi hakijui njia.

Tulihama. Siku ya pili mama alimwona Lopus katikati ya kundi. Alinitazama, akawapiga punda, akaendelea kutembea.

Siku ya sita tulifika Nakwalele. Mchanga mtupu, upana wa mto mzima. Tukachimba kisima chenye kina cha watu watatu waliosimama mabegani mwa wenzao, na mchanga ukatoka mkavu kama unga. Ng'ombe walilala ukingoni wakitutazama. Asubuhi iliyofuata, wengi hawakuinuka. Tuliwavuta mikia, tukawaimbia. Hawakuinuka.

Esekon, rika la baba, alikuja akijikongoja. "Lomuria, maji yako umeyaficha wapi? Au umeyanywa yote peke yako?"

"Kunywa mate yako, Esekon."

Siku nyingine wangecheka, maana marika hutaniana. Esekon alitema mate makavu. "Kesho kila mtu na njia yake. Mimi sifuati tena kidole cha kipofu."

Tulijua maana yake. Boma likitawanyika huku mpakani, wavamizi huokota familia moja moja.

Alipoondoka, baba alilaza chini taratibu mkuki wake wa kuulia mbuzi wa kusomwa. "Uuze huu," aliniambia. "Macho yangu yamekufa. Simu yako inasema nini?"

"Imezima, Baba. Mara ya mwisho ilisema mvua, wiki tatu zilizopita."

"Basi tuko sawa, mimi na simu."

Alitaka kutabasamu, akashindwa. Sijawahi kumwona baba akishindwa na uso wake mwenyewe.

  Nikafungua pindo la shuka, nikatoa njuga, nikaitikisa.

Lopus akainua kichwa kwenye miiba, akaja mbio.

Baba aligeuza sikio. Akanyoosha mkono, akapapasa pembe, shingo, kovu la sikio la kushoto alilolichanja mwenyewe.

"Na yule niliyemsoma?"

"Wa lori, Baba."

Nilitamani anipige. Mkono wake ulibaki shingoni mwa mbuzi.

"Huko alikotoka kuna mto," alisema. "Unapinda chini ya kilima, halafu kuna majani marefu. Niliuona vizuri kabisa."

"Nisamehe."

"Usiniambie mimi. Nenda kwa Esekon. Nenda kila kibanda. Waambie kwa mdomo wako huo wa nyimbo, kabla hawajafunga mizigo. Watakaokutukana, uwasikilize mpaka mwisho." Akaokota mkuki, akaupapasa mpini, akaunyoosha kwangu. "Kisha urudi tumsome huyu. Upande wa kulia, pigo moja. Asiteseke."

Niliporudi, shavu langu lilikuwa limevimba na wanaume walikuwa nyuma yangu, Esekon mbele yao, bila mzaha wowote. Nilikata majani ya mswaki, nikayatandaza. Lopus alisogea, akaanza kulamba chumvi ya jasho mkononi mwangu, mkono ule ule ulioshika mkuki.