Sauti ya Pili

Msusi alikuwa amekwisha kuchomoa draya na kukunja taulo za siku ile mwanamke mmoja aliposimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Alikuwa amekonda, amejizungushia mtandio shingoni, na macho yake yalikuwa chini.

"Mistari tu," alisema kwa sauti iliyokwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni. "Kama hujachoka sana, dada."

Msusi alikuwa amechoka. Miguu ilimwaka moto, na nyumbani alikuwapo mume aliyeamini kwamba chakula hupanda mezani kwa mkono wa mke tu. Lakini mgeni alikuwa amekwisha kuketi na kuinamisha kichwa, na kuna namna ya kuketi ambayo haikataliki.

Alimfumua, akamchana, akampaka mafuta, akaanza kugawa nywele kwa kitana. Alipofika kisogoni vidole vikasita. Nywele za hapo ziliota kwa kuzunguka, mizunguko miwili iliyopishana, kiasi kwamba kila mstari uliofika pale ulipinda kwa ukaidi. Alikijua kichwa kimoja tu chenye ukaidi ule. Ndicho alichojifunzia kusuka utotoni, mwenye kichwa akipiga mayowe kama anayechinjwa.

"Tarumbeta," alisema polepole.

Ndani ya kioo, mwanamke akainua macho. "Nilijiambia, mikono yako ikinisahau, nitasukwa kimya kimya niende zangu. Jana nimepita hapa mara mbili, Kivuli."

Miaka mingi hakuna aliyemwita jina hilo. Hakumkumbatia. Mikono ilikuwa imeshika nywele, na moyo ulikuwa umeshika kinyongo.

Usichana wao waliumalizia kwenye harusi za watu, wakiimba. Tarumbeta aliimba mbele, kwa sauti iliyowatoa majirani vitandani. Msusi alisimama nyuma yake na sauti ya pili, na ndipo alipopata jina la Kivuli. Kisha ndoa ikamchukua Tarumbeta mji wa mbali. Mwanzoni alipiga simu kila wiki. Baadaye ikawa msusi akipiga, anayepokea ni mume wa Tarumbeta: yuko bafuni, shemeji, amelala, shemeji, ametoka kidogo. Msusi hakuwa mtoto. Alijua mtu anavyotiwa kapuni. Akaacha kupiga simu, akaacha na kuimba, hata mbele ya vyombo vichafu.

Simu yake ikaita. "Kiko kwenye sufuria, baba watoto. Pasha tu," alisema. "Jiko ni lile lile, halijahama."

Tarumbeta akacheka, na kicheko kile kisicho na sauti kikamtikisa mabega. Basi wakaanza, taratibu, kama watu wanaovuka maji wasiyojua kina chake: watoto, mama aliyefariki, shangazi mgonjwa ambaye Tarumbeta alikuja kumuuguza, harusi ile ambayo bwana harusi alisinzia wakati wa kukata keki mpaka paji la uso likazama kwenye sukari. Mistari ilirefuka. Nje, maduka yalishusha milango ya chuma mmoja baada ya mwingine.

"Na hayo mafua yamekushika tangu lini?" msusi aliuliza.

Mwenzake alipeleka mikono shingoni. Alifungua mtandio. Kovu lilipita chini ya koo lake, jembamba, kutoka upande mmoja hadi wa pili.

"Uvimbe. Walipoutoa, sauti ikaondoka nao. Namshukuru Mungu, nipo hai."

"Ungeniambia."

"Kwa sauti ipi?" Akaligusa kovu. "Wengine wote walizoea. Mume wangu anasema anaipenda hivi hivi, mwongo mkubwa yule. Lakini wewe ungeisikiliza, Kivuli. Ungesikia kilichotoka."

Msusi akasuka mstari mzima. Kinyongo alichokilea kama mwana kilikuwa kikihama kifuani mwake, na pale kilipokuwa pakabaki uwazi ulioumiza zaidi.

"Niimbie ile ya kumtoa bibi harusi," Tarumbeta akasema.

"Ya mbele siiwezi, unajua."

"Siitaki ya mbele. Niimbie yako. Maisha yangu yote sijaisikia. Nilikuwa nikipiga kelele juu yake."

Akaanza kwa woga. Koo lilikuwa na kutu. Peke yake, sauti ya pili ilikuwa wimbo wa ajabu: ilikwenda kandokando, ikashuka pale ambapo wimbo ulipanda, ikamngoja asiyekuja. Kwenye kioo midomo ya Tarumbeta ilikuwa ikienda, bila hewa, ikifuata maneno. Walipofika pale mwenzake alipozoea kuivuta sauti moja mpaka watu wasimame vitini, msusi alinyamaza, na vidole vyake pia. Akamwachia nafasi yake yote. Kisha akaendelea.

Mistari ilipokwisha, Tarumbeta aliigusa mmoja mmoja, akajifunga mtandio upya.

"Kesho unafungua saa ngapi?"

"Nywele zimekwisha, mwenzangu."

"Najua."

"Saa mbili," msusi akasema. Alimtazama akishuka ngazi na kushika njia chini ya taa za barabarani, kisha akashindwa kuvumilia, akatoka hadi kibarazani, akapaza sauti: "Lakini mimi huwa nimefika saa moja!"

Haikuwa kweli. Tangu aifungue saluni ile hakuwahi kufika saa moja.

Tarumbeta hakuweza kumjibu kwa mbali vile. Aliinua mkono, akauacha juu mpaka kona ikamficha.