Hatua ya Kwanza

Tabaka la thelathini na sita la kitambaa lilipotua mezani, Mama Chaki aliinua kiganja. Wenzake wa upande wa pili wakaacha kuvuta. Akainama, akatia jicho ukingoni, akanyoosha kona kwa kidole kimoja, kisha akashusha kiganja. Wakaendelea.

Chumba cha kukatia hakikuwa mahali pa maneno. Nyuma ya ukuta wa mbao vyerehani sitini vilinguruma kutwa, na kisu cha umeme kikianza kupasua vitambaa, hata mawazo yako huyasikii. Ndiyo maana wakataji walikuwa na lugha yao ya mikono. Kiganja juu: simama. Vidole viwili: geuza. Ngumi tatu mezani: zima kisu sasa hivi. Lugha hiyo aliianzisha yeye, miaka kumi na tisa iliyopita, na wala hakujisumbua kuwaeleza watu kwa nini. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu utotoni. Neno lilimfika mdomoni likagoma, kama punda aliyeona daraja.

Katika miaka hiyo yote, hakuna kidole cha mtu kilichokatika kwenye meza yake.

Msimamizi wa zamani alipostaafu, tangazo la nafasi yake lilibandikwa karibu na chumba cha kubadilishia nguo. Waliomba wawili: Mama Chaki, na mkataji mmoja wa makamo waliyemwita Redio kwa sababu hazimwi. Redio alipoajiriwa alikuwa akishika mkasi kama anashika nyoka. Mama Chaki ndiye aliyemfundisha kazi yote, kwa vidole.

Asubuhi ya usaili binti yake alimnyooshea kola.

"Mama, kwani watakuuliza nini ambacho hukijui?"

"Wa-wakiniuliza nini, si shida. Shi-shida ni kuwajibu."

Wakacheka mpaka binti akalazimika kuketi kitandani. Kisha akafuta macho na kusema, "Usikimbilie. Wao ndio wana haraka, wewe huna."

Ofisini alimkuta meneja, mwanamke nadhifu mwenye sauti laini, pamoja na karani wa utumishi aliyeshika kalamu. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Redio alikuwa kwenye benchi nje, akingoja zamu yake.

"Mashine imemkata mtu mkono," meneja akasema. "Hatua yako ya kwanza ni ipi?"

Mama Chaki alilijua jibu kama anavyojua njia ya jikoni kwake. Unazima umeme kwenye swichi kubwa ukutani, kabla hujamgusa mtu, kabla hujaita mtu. Akavuta pumzi.

"Ku-ku-kwanza na-na-na..."

"Unaita msaada," meneja akamalizia, akitikisa kichwa kwa upole. "Haya, sawa."

"Ha-ha..."

"Usijali mama, tumekuelewa. Swali linalofuata."

Kalamu ya karani ikatembea. Mama Chaki akainyooshea mkono, akaashiria kwamba anataka kuandika mwenyewe. Meneja akacheka kidogo, bila ubaya wowote.

"Hapa hatufanyi mtihani wa darasani. Msimamizi ni mtu wa kuzungumza na watu."

Maswali yalikuwa saba. Manne meneja alimjibia. Alitoka jasho likimtiririka mgongoni, akapita mbele ya Redio, na Redio akainamisha macho kwenye viatu vyake.

Jumatatu iliyofuata Redio akapewa koti la msimamizi. Mama Chaki aliitwa ofisini, akaonyeshwa karatasi yake ili, kama meneja alivyosema, asibaki na kinyongo. Akasoma taratibu. *Mwombaji ana bidii na nidhamu. Hata hivyo hakujua hatua ya kwanza ya usalama: alijibu kuita msaada badala ya kuzima umeme.*

Akarudia kusoma. Akaweka kidole juu ya mstari huo.

"Ha-hapa," akasema. "Hi-hili si ja-ja..."

"Si jambo la kuona aibu," meneja akasema. "Wengi hulikosea. Mwenzio alilipata, tena alilieleza vizuri sana."

Damu ilimpanda Mama Chaki mpaka masikioni. Alitamani kupiga ile meza safi ngumi tatu, lakini humo ndani nani angejua maana yake? Angeonekana mkorofi tu.

Si kwamba kiwanda hakikujua ubaguzi ni nini. Mwaka uliotangulia waliletewa semina ya siku nzima kuhusu jambo hilo. Walikaa duara, kila mmoja akatakiwa kusema maneno machache. Zamu ya Mama Chaki ilipofika, mwezeshaji alitabasamu, akampigia makofi kabla hajafungua mdomo, akampa nafasi wa pembeni yake. Watu wakapiga makofi pia. Aliporudi mezani siku ile alikata makola mia mbili bila kuinua kichwa.

Sasa hakutaka makofi. Jioni alikaa na binti yake, akaandika malalamiko kwa mkono wake, ukurasa mmoja na nusu. Kuandika hakujawahi kumgomea. Mwishoni akaacha nafasi ya shahidi.

Alimpata Redio saa ya chakula, nyuma ya ghala, koti jipya likimbana mabegani.

"Mwalimu!" Redio akasema, na maneno yakamwagika. "Mimi sikupanga hivi, wallahi. Nilidhani watakupa wewe, mimi niliomba kujaribu bahati tu. Hata nyumbani nimesema, huyu mama ndiye amenifanya mtu. Na tukikaa vizuri, mbona wewe utaendelea kuendesha meza kama kawaida, mimi nitabaki kusaini makaratasi yao..."

Mama Chaki akampa zile kurasa. Redio akasoma. Midomo yake ilicheza, kisha ikatulia.

"U-u-ulisikia?"

"Nilisikia." Sauti ilikuwa ndogo. "Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia kila kitu."

"Na hi-hilo la u-umeme, nani a-alikufundisha?"

"Wewe, mwalimu."

"Ba-basi tia sahihi."

Redio akazimika. Aliutazama mlango wa ghala, akautazama mkono wa koti lake.

"Mke wangu amejifungua juzi," akasema hatimaye. "Mapacha."

Mama Chaki akazichukua kurasa kutoka mkononi mwake, moja moja, kwa sababu vidole vya Redio havikuwa vikiachia vizuri.

"Ho-hongera," akamwambia. Na hongera hiyo aliimaanisha, ndiyo maana ilimuuma.

Ijumaa aliomba ruhusa ya nusu siku. Ofisi ya kazi ya serikali, inayopokea malalamiko ya wafanyakazi, ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na kwenye korido watu walijibana kwenye mabenchi na bahasha zao. Alipoitwa, alimkuta karani mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Karani akasoma kurasa zote, mpaka pale mahali patupu pa shahidi.

"Maandishi nimeyaona," akasema. "Lakini sheria inataka nichukue maelezo yako kwa mdomo, nami niyaandike kama utakavyoyasema. Hiyo siku ya usaili, ulitaka kujibu nini?"

Chini barabarani lori lilipiga honi. Karani akainuka, akafunga dirisha, akarudi kuketi.

Mama Chaki akavuta pumzi. Sauti ya kwanza ikamkwama kooni. Ikakwama tena. Nje mtu akakohoa, mwingine akauliza kwa hasira kama foleni imekufa. Karani hakugeuka, wala hakutikisa kichwa, wala hakumsaidia. Alilaza kalamu juu ya karatasi nyeupe, akakunja mikono, akangoja.